Pembe ya Mtungi

Laptopu ilizimika dakika ya kumi na moja. Nilikuwa nimemwomba Omosa, fundi wa kompyuta mjini Migori, achomoe waya wa umeme nijaribu kucheza mechi ya kandanda kwa betri tu, na kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, skrini ikawa nyeusi tititi. Chini yake palikuwa pamepata moto kama kikaango.

"Betri ni kubadilisha tu," Omosa akasema, akikwepa macho yangu.

"Na mwakani nikitaka kuiongezea nguvu?"

Akasita. Ni mfanyabiashara, ila Mungu hakumnyima haya. "Hii, dada, ukiinunua ndivyo ilivyo mpaka siku utakayoitupa. Ya mezani ndiyo inayofunguka ukaongeza."

Hiyo ya mezani ilikuwa boksi jeusi lililostaafu ofisini kwa watu, ubavu umekwaruzwa, lakini ndani Omosa alikuwa ameitia kadi ya picha yenye nguvu ya kuendesha michezo. Pamoja na skrini na kibodi, alitaka elfu arobaini na mbili. Laptopu, arobaini na tano. Nami nilikuwa na arobaini na tano kamili, jasho la miaka miwili ya kuanika omena ufuoni Muhuru Bay, kila likizo na kila Jumamosi. Vidole vyangu vinanuka samaki hata nikiwa kanisani. Sikuja Migori kucheza.

Ingawa, kusema kweli, nilikuja kwa ajili ya kucheza. Agosti iliyopita nilifika fainali ya mashindano ya kandanda ya kompyuta mjini Homa Bay, msichana peke yangu kati ya wavulana thelathini na mmoja, nikachapwa mabao manne kwa moja. Aliyenichapa ana mashine kwao. Mimi nilikuwa nikifanya mazoezi ya nusu saa, ya kulipia, huku mtu amesimama mgongoni akiguna nimalize zamu yangu. Niliumia jamani, niliumia. Nikaapa kwamba Agosti hii narudi.

Mama alikuwa ameshaniamulia. "Chukua laptopu, Valary," aliniambia asubuhi hiyo. "Wewe ni msichana. Leo uko hapa, kesho uko kwa watu. Mali ya msichana ni ile anayoweza kubeba."

Hakusema kwa ubaya. Kwetu, mvulana akikua hujenga simba, nyumba yake ndogo karibu na lango la boma. Kaka yangu Byron alipata yake akiwa na miaka kumi na sita, na kijiji kizima kikaja kumsaidia kukandika udongo. Sisi wasichana hulala kwa nyanya tukingoja siku ya kuondoka. Nina miaka kumi na saba, na hakuna aliyewahi kuniuliza ningependa meza yangu ikae wapi.

Nikiwa nimeishika laptopu ile iliyozimika, nikaona wazi: watu wote walikuwa wameshanifungia virago, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulipia begi. Hasira zikanipanda.

"Nifungie ya mezani," nikamwambia Omosa.

"Una pa kuiweka?"

"Ninapo."

Uongo mtupu.

Jioni boksi liliposhushwa uani, wa kwanza kufika alikuwa Byron, meno yote nje. "Tuiweke simba kwangu. Meza ninayo, soketi ninayo. Utakuja kucheza wakati wowote."

"Nibishe hodi kwa kompyuta yangu mwenyewe? Marafiki zako wakiwa wameikalia?"

"Sasa wataka iwekwe wapi? Kichwani pako?"

Alijua anachokisema. Simba ya kaka si mahali pa dada kushinda. Hata kitanda chake siruhusiwi kukikalia. Mashine yangu ikiingia mle, itakuwa yangu kwa jina tu.

Mama akashika kiuno. "Si nilikwambia? Kesho uirudishe ulikoitoa."

"Sirudishi."

"Valary!"

"Nisamehe, Mama. Sirudishi." Nilibaki nimesimama palepale.

Muda wote huo Dani Rael, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mlangoni kwake akitusikiliza. Sebule yake ina soketi moja tu, na chini ya soketi hiyo, pembeni, umekaa mtungi wake wa maji juu ya mchanga mbichi unaoyapoza. Mafundi wa stima walipokuja kuunganisha umeme walimsihi ausogeze wafanye kazi vizuri, akakataa katakata, wakafunga soketi huku wamejipinda na kunung'unika. "Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi," husema kila mara, "kila kitu nilionyeshwa pa kukiweka. Pembe hii peke yake ndiyo niliyojichagulia."

Akanikazia macho. "Kitu hicho kinakula stima?"

"Ndiyo, Dani."

"Kinabebeka?"

Ningeweza kumdanganya. "Hakibebeki, Dani. Kinataka mahali pa kukaa."

Akalitazama boksi, akanitazama mimi, kisha akamgeukia kaka yangu. "Byron, njoo ushike huku."

"Mama, mtungi wako!" mama yangu akamaka.

"Nimezeeka, sijapofuka. Najua ni mtungi wangu."

Waliuinua wawili, polepole, maji yakicheza ndani, wakautua karibu na mlango. Dani akauzoa mchanga kwa mikono yake mwenyewe. Sakafuni pakabaki duara jeusi la unyevu, la miaka na miaka. Nikainama nivute meza ya Dani, naye akanishika bega.

"Pakauke kwanza," alisema. "Usije ukaharibu kitu chako."

Basi nikakaa kwenye kigoda, kibodi mapajani, nikilitazama duara likipungua. Mama aliingia na kitambaa, akapiga magoti, akaanza kupafuta.

Dani akachota kikombe cha maji pale mlangoni, jua la jioni likiupiga mtungi ubavuni. Akaonja, akakunja uso kidogo. Kisha akayanywa yote.