Mshono Usiofumuka

Usingizi unanichukua saa nane mchana, joho la askofu likiwa mapajani na sindano bado mkononi, nami naufuata ule uzi mwekundu, unateremka, nateremka nao, hadi naikuta barabara nyeupe isiyo na mwisho, na wanaume wamepanga foleni, wana mikuki na hawana nyuso, na kila mmoja ananigeuzia bega. Shona, mama, wanasema. Nashona. Msalaba mwekundu, bega la kulia, mishono miwili miwili, maana mimi Filomena sikuzoea kazi ya kulipua. Mbele yao, juu ya farasi, yupo askofu wa zama zile za vita vya msalaba, upanga kiunoni, na chini ya kofia yake hamna uso, hamna kitu. Baba Askofu, namuuliza, tunakwenda kupigana na nani? Na wale wanaoitikia amina yako, anajibu. Jibu gani hilo! Kisha anatangaza kwamba aliyeshonewa msalaba amefutiwa dhambi zote, ila harudi kwake mpaka mji uanguke, au aanguke yeye. Ndipo nasikia kikohozi. Kikohozi kile nimelala nacho miaka kumi na tisa. Desderi, mume wangu, nimekushonea mimi? Umenishonea wewe, Filo, tena umekaza. Naanza kufumua, kwa sindano, kwa kucha, kwa meno, na uzi hauachii, na kwa mara ya kwanza maishani nauchukia ufundi wangu. Barabara inajikunja, tupo mbele ya ukuta wa mji, na juu ya ukuta wamesimama wanaume wasio na nyuso, misalaba mabegani, mishono miwili miwili, ya mkono wangu. Wanasali. Sisi tunaitikia amina, na tarumbeta inalia. Mishono imeanza kuachia mmoja mmoja, umebaki mmoja tu. Desderi anachomoka mikononi mwangu, anakimbilia ukutani na wenzake, na simjui tena kwa mgongo, kwa kuwa migongo yote ni ileile. Nalia kwa sauti.

Naamka. Joho liko mapajani, jua halijasogea. Desderi amesimama mlangoni, amevaa shati lake la kazi. Nani amenichania bega hili, anauliza. Natazama kucha zangu, zina nyuzi nyekundu, na nafurahi, kumbe nimemfumua. Kohoa, namwambia. Kuna nini? Kohoa, Desderi, nakuomba. Hakohoi. Jua liko nyuma yake, uso wake siuoni. Ananigeuzia bega.

Shona, mama, anasema.