Kitambaa Kikiwa Juu

Niliunguza sufuria moja ya maharage, moja tu, na watoto wangu wakaamua sina akili tena.

Nasema watoto, lakini mtoto ninaye mmoja, Twila. Yule mwingine ni mumewe, Bradley, mtu wa mjini, Lexington, anayekuja na viatu vyeupe kwenye matope ya milimani kwetu. Walifika Jumapili moja ya Machi wakakuta jikoni moshi mtupu na mimi niko nyuma ya nyumba nalenga makopo kwa bastola yangu. Maharage yalikuwa yameshika chini, sikatai. Nilikuwa nimenogewa. Tangu siku hiyo Twila akipiga simu wimbo ni ule ule: mama, unasahau. Mama, una miaka sabini na mbili, uko peke yako, unasahau, na una bunduki ndani.

Bastola yenyewe tuliinunua mimi na marehemu Delmer. Ni ya zile risasi nyembamba za kuwindia kindi, na mdomoni ina kiwambo cha kuzuia sauti, bomba jeusi linalozidi kiganja changu kidogo. Kibali cha kiwambo tulikisubiri miezi tisa, kikaja na majina yetu wote wawili. Delmer alifanya kazi mgodini miaka thelathini na moja. Mitambo ilimharibu masikio, na kale kausikivu kalikobaki hakutaka kukamalizia uani kwake mwenyewe. Bradley aliwahi kuniuliza mtu mwema anataka kiwambo cha nini, eti hivyo ni vitu vya wauaji wa kwenye sinema. Nikamwambia wauaji wa kwenye sinema hawana jirani mwenye ng'ombe wa maziwa.

Raha yake ni hii. Asubuhi, kahawa bado ina moshi, napanga makopo kwenye ubao mbele ya tuta la udongo, narudi hatua ishirini mpaka kwenye meza ya mbao aliyoipiga misumari Delmer. Nafyatua. Hakuna mshindo wa kukurusha moyo. Unasikia chuma cha bastola kikienda nyuma na kurudi, tak, halafu kopo linalia kule mbele, ting. Ndege aliye juu ya mti habanduki. Kwa nusu saa hiyo goti haliniumi na mume wangu hajafa. Mtu akitaka kuninyang'anya nusu saa hiyo, anijie amejiandaa.

Ila kitu kisicho na kelele kina hatari yake, na Delmer aliiona mapema. Bunduki ya kawaida inajitangaza yenyewe, yetu haijitangazi. Jirani yetu wa juu, Hobart, ana njia yake ya mkato inayotokea pale pale kwenye tuta, anaipita akitafuta ndama wake tangu sijaolewa. Mlio angeusikia akasimama. Kimya, angesikia nini? Basi Delmer akaweka sheria. Kabla hujagusa risasi, unapandisha kitambaa chekundu kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, mahali ambapo Hobart anakiona akiwa malishoni kwake. Kikiwa juu, Hobart anazunguka njia ndefu. Kikishuka, njia ni yake. Na kila risasi, si kila magazini, kila risasi, unatazama kitambaa, unatazama tuta, ndipo unalenga. Twila alikuwa na miaka tisa tulipoanza. Kukipandisha ilikuwa kazi yake, na akishafunga fundo anapiga kelele: kiko juu! Bonde zima lilimsikia.

Jumapili ya pili ya Aprili wakaja tena, baada ya kanisa. Nilikuwa nimepika kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi na pai ya matufaha. Hakuna kilichoungua, na nilihakikisha wamekiona kila kimoja. Bradley alikula vipande vinne vya kuku. Alipomaliza kujifuta vidole, Twila akafungua mkoba, akaweka karatasi kando ya pai yangu.

"Hii nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Fomu, mama. Ile nyumba ya wazee niliyokuambia, karibu na kwetu. Wana chumba kimoja kimebaki."

"Na bastola yangu?"

"Silaha hawaruhusu, mama. Unajua hilo."

"Basi wamejijibu wenyewe."

"Mama, usifanye mzaha," akasema. "Silali mimi. Simu ikilia usiku nadhani ndiyo hiyo. Uliacha jiko linawaka ukaenda kupiga risasi. Siku moja utasahau kitu kikubwa kuliko maharage, halafu mimi nitaishi vipi?"

Hapo nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini huruma na kuhama ni vitu viwili. Nyumba hii Delmer aliijenga kwa mikono yake na amezikwa pale juu kilimani, naona jiwe lake nikiosha vyombo. Nikienda Lexington nitaosha vyombo namtazama nani?

Bradley akaingilia. "Mama, mikono yenyewe inatetemeka. Nimeiona ukimimina chai."

"Inatetemeka kwenye chai," nikasema. "Haya, twendeni nje. Makopo matano, risasi tano, hatua ishirini. Nikikosa hata moja nasaini fomu yenu leo leo, na pai mtaondoka nayo. Nikiyaangusha yote, hiyo karatasi sitaki kuiona tena mpaka nife."

Twila akafungua mdomo kukataa, lakini mumewe alishasimama. Alidhani amepata mteremko. "Sawa. Risasi tano mfululizo, bila kupumzika. Ukisimama njiani, tunahesabu umekosa. Hakuna visingizio."

"Hakuna visingizio," nikasema. Twila akanitazama, akamtazama mumewe, akaitikia kwa kichwa. Kwetu ukiahidi mezani umeahidi.

Pai nikatoka nayo, nikaiweka kwenye meza ya nje ile wote tuione, kisha nikapandisha kitambaa mwenyewe. Nguo nilizofua jana yake zilikuwa bado kwenye kamba, mashuka yanapepea, na mawingu yalianza kukusanyika upande wa mgodi wa zamani. Bradley akaenda kupanga makopo, akayaweka mbalimbali makusudi, akarudi nyuma ya meza nilipomwamuru. Nikatia magazini yenye risasi tano. Twila alisimama nyuma yetu amejikumbatia.

Nikatazama kitambaa. Nikatazama tuta. Tak, ting, kopo la kwanza likaenda.

"Bahati," akasema Bradley.

"Nyamaza, mwanangu, mtu mzima yuko kazini."

Kitambaa, tuta. La pili. Kitambaa, tuta. La tatu lilikataa kuanguka, likazunguka kwanza likijifikiria, halafu likalala. Nilisikia raha mpaka kwenye magoti. La nne sikulisikia hata likianguka kwa sababu upepo ulivuma na matone mawili matatu yakanipiga shingoni, lakini nililiona. Limebaki moja. Nilikuwa nalo tayari kwenye shabaha, kidole kinatafuta mahali pake, na moyoni nilishaanza kuikata ile karatasi vipande vipande.

Nikatazama nguzo. Kitambaa hakipo.

Nilitazama tena, maana macho ya miaka sabini na mbili nayo yana utani. Nguzo tupu. Kamba nayo tupu, mashuka hayapo. Nilijua papo hapo kwamba lazima nisimame. Nilijua pia nikisimama nimehama. Kopo liko pale, hatua ishirini, nimepiga makopo kama hilo maelfu. Ni kuvuta kidole tu. Nani angejua? Hobart mara nyingine hapiti wiki nzima.

Nikaondoa kidole. Nikatoa magazini, nikavuta chuma nyuma, ile risasi iliyokuwa ndani ikadondokea majanini, nikailaza bastola mezani ikiwa wazi, mdomo unatazama tuta.

"Umesimama," akasema Bradley.

"Nimesimama."

"Mama, tulikubaliana. Ukisimama umekosa." Hakuwa anafurahia, nampa haki yake, alisema kama mtu anayesoma tangazo. "Twila, leta kalamu."

Twila alikuwa anatoka upande wa kamba na kapu kubwa la nguo kiunoni, anakimbiza mashuka yasilowe. "Kwa nini umesimama, mama? Umechoka? Umesahau zimebaki ngapi?"

Nilikuwa natazama kile kilicholala juu kabisa ya kapu, kimekunjwa mara nne vizuri, kama nilivyomfundisha kukunja. Chekundu.

Halafu majani ya pale kwenye tuta yakatikisika, akatokea Hobart. Alitokea nyuma kidogo ya lile kopo la tano, pembeni yake hatua mbili, kofia imeshuka usoni kwa sababu ya mvua, kamba ya ndama mkononi. Ana miaka themanini na mmoja na hana haraka na mtu.

"Habari za Jumapili, dada Orpha," akasema. "Nilikuwa nimejibanza pale juu nasubiri. Nikaona kitambaa kimeshushwa, nikajua mmemaliza. Mmemwona ndama wangu yule mwenye baka?"

Bradley alitazama kopo, akamtazama Hobart, na niliona anapima ule umbali kwa macho. Twila aliinamisha kichwa akaona anachobeba, kapu likamponyoka, mashuka yangu masafi yakaenda kwenye matope.

"Mama," akasema. "Nimekianua. Mvua ilikuwa inakuja, nikaanua tu kila kitu."

"Nimeona."

"Mimi ndiye nilikuwa nakipandisha. Miaka yote. Nimesahau, mama."

Ningeweza kumsuta. Ulimi wangu mnaujua sasa, na Mungu anajua nilikuwa na maneno ya kutosha wiki mbili. Lakini alikuwa ameanza kulia, na kidole changu mwenyewe kilikuwa karibu mno na kufyatua. Nikamwambia Hobart ndama kapita kwenda kisimani na kwamba aje kwanza huku nyuma ya meza ale pai. Akaja. Hajui mpaka leo.

"Okota hicho," nikamwambia Twila. "Kirudishe mahali pake."

Akaenda. Mikono ilikuwa inamtetemeka kuliko yangu ikimimina chai, fundo likamshinda mara mbili. Alipoliweza, alisimama pale chini ya nguzo, mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyelowa nywele, akasema kwa sauti ndogo: "Kiko juu."

"Sijasikia. Na Hobart hajasikia."

"Kiko juu!" akapiga kelele, na bonde likamrudishia.

Nikaokota ile risasi majanini, nikaipangusa kwenye aproni, nikaitia. Nikatazama kitambaa, nikatazama tuta, nikalenga kopo la tano kwa utulivu wote niliobakiwa nao. Tak. Udongo ukaruka kushoto. Kopo likabaki limesimama wima.

Nilikosa. Nalisema mwenyewe ili asije mtu akawaambia kwa nyuma.

Bradley alikohoa. Ile fomu alikuwa ameitoa mfuko wa shati, imelowa kona. "Kwa hesabu, mama..."

"Kwa hesabu nimekosa," nikasema. "Mikono inatetemeka na maharage niliunguza. Na siendi popote. Unayo ya kuniuliza?"

Akamtazama mkewe amsaidie. Twila alipita mbele yake bila kumtazama, akachukua ile karatasi mkononi mwake akaiweka chini ya bakuli la pai isipeperuke, Hobart akaendelea kula juu yake. Kisha akavuta droo ya meza ya baba yake, akatoa boksi la risasi, akaketi kwenye benchi la mvua na kuanza kuzisukuma kwenye magazini moja moja kwa kidole gumba, kama zamani.

"Tano, mama?" akauliza.

"Jaza kumi," nikasema.