Tembo Aliyefungwa Plasta

Mdogo wangu ana miaka sita, na nyumbani tunamwita Hakimu kwa sababu hakuna kesi isiyomfikia. Mwanzoni mwa likizo alivunjika mguu akiruka kutoka juu ya kabati na mwavuli mkononi. Mimi ndiye niliyemweleza jinsi mwavuli unavyobebwa na hewa. Nasisitiza kwamba maelezo yangu yalikuwa ya kinadharia tu.

Plasta ilitakiwa kukatwa Alhamisi. Jumatano mchana Hakimu akatangaza kwamba haendi. Mtoto wa jirani alikuwa amempasha habari kuwa plasta hukatwa kwa msumeno wa umeme, na msumeno hauna macho. Mama alibembeleza, baba alifoka, mwenyewe akahamia chini ya meza. Ikabidi ukoo ugeukie elimu yangu ya shule ya bweni.

Nilitafuta mtandaoni kiolezo cha tembo wa kukata na kukunja, nikakichapa kwa printa ya baba kwenye karatasi ngumu. Wino wa rangi ulikwisha zamani, lakini tembo hana makuu, kijivu chamtosha. Mpango ulikuwa rahisi: tumuunde tembo, tumfunge mguu kwa plasta ya karatasi ya chooni na gundi, kisha niikate hadharani, Hakimu aone mguu ukitoka mzima.

Kasoro ya mpango huo ilikuwa mama. Mama ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini hajawahi kukata juu ya mstari. Kiolezo kilisema mstari mzima ukatwe, wa nukta ukunjwe. Alikisoma, akaguna, akaacha akiba ya mshono ya nusu inchi kumzunguka tembo mzima. Nilipomkumbusha kwamba hii ni karatasi, aliniuliza kama nimewahi kuona tembo akipungua. Nikamsogezea gundi kwa heshima.

Tembo alisimama, akiba imechomoza kila upande kama mapezi. Tukamvika plasta, tukaianika dirishani hadi ikakauka kau. Hakimu akajiburuta kutoka chini ya meza, akakalia mto, akaniruhusu nianze.

Nilitoa hotuba fupi kuhusu maendeleo ya tiba. Kisha nikakata. Kumbe ile nusu inchi ilikuwa imegandana na plasta, na mkasi wa mama haubagui. Mguu ulianguka sakafuni pamoja na plasta yake. Tembo naye akafuata, akalala ubavu.

Baba alilipandisha gazeti lake hadi likamfunika uso.

"Mwavuli ulikuwa wako," Hakimu akaniambia. "Na tembo pia ni wako."

"Tembo alikuwa na kasoro za ushonaji," nikasema. Mama akanitazama. Nikaifuta kauli yangu.

Hakimu aliuokota mguu ule. Midomo ilianza kumtetemeka, na nilijua akilia sasa, kesho tutambeba na meza yake.

"Nitaenda," akasema. "Lakini waanze na kaka."

Nilikata rufaa. Sauti ya baba ikatoka nyuma ya gazeti ikitangaza kwamba rufaa imetupwa.

Kesho yake hospitalini, tabibu wa mifupa alisikiliza masharti yote bila kucheka, akasema ni ya haki. Akawasha msumeno. Niliutafuta mlango, nikamkuta mama amesimama hapo. Tabibu akaukunjua mkono wangu na kuukandamiza msumeno kwenye kiganja. Niliambiwa baadaye kwamba nilimwita kwa jina mlezi wa bweni, mtu ambaye hatupatani naye kabisa.

Msumeno ulinitekenya tu. Tabibu akaeleza kwamba jino lake halizunguki, linatetemeka. Kigumu hukatika, ngozi hutikisika nalo. Hakimu hakuyajali maelezo. Alikigeuza kiganja changu pande zote mbili, akahesabu vidole, akarudia kuhesabu.

"Mzima," akasema, na akauweka mguu wake kitandani.

Msumeno uliponguruma tena alinishika kidole gumba. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, lakini mzima. Sikukivuta kidole changu mpaka alipokiachia mwenyewe, ingawa nilihitaji sana kukaa chini.