Salamu za Kichuguu

Saa sita mchana simu ya ofisini iliita, na kabla sijasema halo, mkuu wa waokoaji aliyekuwa kwenye kibanda cha chini ya mlima akaniuliza swali moja tu: "Mama, binti yako alifika kituoni au hakufika?"

Nikamwambia asubiri. Nikatazama skrini. Mstari unaoonyesha kina cha theluji kwenye kituo cha juu ulikuwa umenyooka tangu alfajiri, shwari kabisa, na sasa ndiyo kwanza ulianza kunyanyuka, kama shibiri moja hivi.

"Hakufika," nikasema. "Ila huko juu theluji imeanza kuanguka, fanyeni haraka."

"Basi atakuwa ameporomokea bondeni. Vijana wanaondoka sasa hivi."

Nilijibu kwa sauti ile ile ninayoitumia kwenye mikutano. Miaka thelathini nimekuwa mtu wa theluji na maji. Nikisema theluji ya mwaka huu itatupa maji mpaka mwezi fulani, wahandisi wa bwawa wanafungua milango au wanaifunga kwa neno langu. Nimezoea kuaminiwa, na nimezoea kujiamini. Nikaweka simu chini, nikakaa.

Binti yangu alipanda jana yake na kiongozi wa njia kwenda kuchimba shimo kituoni na kupima uzito wa theluji. Kazi hiyo ilikuwa yangu mpaka goti langu la kulia liliponisaliti na daktari akanipiga marufuku milima. Asubuhi kiongozi wa njia akashikwa na kichwa na kutapika kwa sababu ya kimo cha mlima. Binti yangu akamlaza hemani, akamwambia, "Nakuja sasa hivi," akapanda mteremko wa mwisho peke yake. Nakuja sasa hivi! Maneno hayo nayajua, hata akitumwa chumvi dukani huwa hayana maana. Ukungu ukashuka. Yule bwana akaita mpaka sauti ikamkauka, akasikia kama filimbi upande wa bonde, akajikokota mpaka kibandani kuomba msaada. Bonde liko huku, kituo kiko kule, waokoaji ni kundi moja na mwanga ni wa siku moja. Ndiyo maana waliniuliza mimi.

Nikaanza kumgombeza kana kwamba yuko mbele yangu. Kichwa ngumu wewe. Sheria ya kwanza ya mlimani ni nini? Si kutokwenda peke yako? Nimekufundisha mara ngapi? Niligomba huku nikikunja na kukunjua kitambaa cha mezani.

Kipimo chenyewe si kitu cha ajabu. Ni mlingoti wa chuma wenye mkono, na mwisho wa mkono kuna kidude mfano wa kikombe kilichofudikizwa. Kila robo saa kinapiga sauti kuelekea chini, kinasikiliza mwangwi, kinajua theluji imepanda kiasi gani juu ya ile ya alfajiri, kisha kinatuma namba mpaka mezani kwangu. Macho hakina. Ukisimama chini yake kinadhani kichwa chako ndiyo theluji, mchoro unaruka juu ghafla, na ukiondoka unashuka. Kinabaki kinundu kama kichuguu.

Jina la binti yangu limetoka hapo. Alikuwa na miaka saba nilipompeleka kwenye kituo cha chini, kile kinachofikika kwa gari. Nilimwambia kupita chini ya kipimo ni mwiko. Akapita! Akasimama pale akapiga kelele, "Shikamoo, mama!" wakati mimi niko hatua chache tu nyuma yake. Tuliporudi ofisini akakiona kinundu chake kwenye skrini, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, kichuguu changu!" Tangu hapo jina lililoko kwenye cheti limebaki la walimu. Sisi nyumbani tunamwita Kichuguu.

Akakua, akasoma yale yale niliyosoma mimi. Nilimsihi asome hata uhasibu, akanijibu mbona mimi sikusoma uhasibu. Akaajiriwa hapa hapa, na kila akipanda kituo cha juu ilikuwa lazima asimame chini ya kipimo anisalimie. Mimi huku nakiona kichuguu, nasonya, nakifuta, na moyoni nimefurahi, kwa sababu najua mtoto amefika salama.

Mpaka siku nilipokisahau kimoja. Nikasimama mbele ya wahandisi wote wa bwawa na mchoro mkubwa ukutani, unaoonyesha theluji ya mita moja na sitini imeanguka ndani ya robo saa, tena mwezi wa kiangazi. Mhandisi mmoja akainua mkono kwa adabu zote akauliza, "Samahani mama, hiyo ilianguka ikiwa kwenye gunia?" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nilirudi nikiwa natoa moshi. Nikamwambia Kichuguu kwamba data si ukuta wa choo wa kuandikia majina. Akasema, "Mama, nilikuwa nakusalimia tu." Nikakaa nikaandika chujio kwenye kompyuta: namba yoyote itakayoruka ghafla zaidi ya nusu mita itupwe, na mstari unyooke kama hakuna kilichotokea. Nikamwita nikamwonyesha. "Haya, salimia sasa."

Akachukua mkoba wake akatoka. Miaka mitano hii tumekuwa tunaongea vizuri, lakini ni mambo ya kazi: ripoti, vifaa, posho. Vichuguu sikuviona tena. Nikajua ameacha utoto.

Yapata saa nane mume wangu akaingia, unga mpaka kwenye nyusi. Yeye ni mwokaji wa mikate, na siku hiyo alikuwa ameacha tanuri likiwaka bila mtu. Hakuniamkia wala hakukaa.

"Amekusalimia?"

"Nani?"

"Mwanao! Leo, alipofika juu. Amekusalimia?"

"Hakufika huko. Na hayo ya kusalimia aliyaacha siku nyingi."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Aliyaacha wapi? Kila akipanda anakusalimia. Kila akirudi anapita dukani kwangu, ananiambia, baba, leo nimemsalimia mama, safari hii ataitikia. Mimi nikadhani mna mambo yenu."

"Kuna chujio! Anajua kuna chujio!"

"Anajua. Lakini anasema mama yake hawezi kutazama mchoro bila kutazama ghafi. Si ndivyo ulivyomfundisha mwenyewe?"

Jamani. Data ghafi ni zile namba kama zilivyotoka kwenye kipimo, kabla hazijaguswa na mkono wa mtu. Ghafi kwanza, mchoro baadaye: huo ndio wimbo wangu, wanafunzi wananiigiza nikigeuza mgongo. Nimewafelisha watu kwa hilo. Na mimi mwenyewe, tangu niandike lile chujio, sikuwa nimefungua ghafi ya kituo cha juu hata mara moja. Ya nini? Si chujio langu? Hata saa sita nilipoulizwa, niliona mstari umenyooka nikasahau kwamba aliyeunyoosha ni mimi.

Nikakosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu faili likafunguka. Vichuguu vilikuwa vimejaa. Kila safari yake ya miaka mitano ilikuwa na kinundu chake, mita moja na sitini na tatu, kimo chake akiwa wima. Mwezi baada ya mwezi alikuwa amesimama kwenye baridi ile kusubiri robo saa ifike, ili anisalimie.

Nikashuka mpaka namba za leo. Saa tatu asubuhi: mita moja na sitini na tatu.

"Alifika," nikasema.

Kisha mstari ulikuwa bapa, alikuwa pembeni anachimba shimo. Saa nne na nusu kikatokea kichuguu kingine, kifupi. Sentimita themanini. Robo saa nyingine themanini tena, kisha sabini na nane.

"Mbona kapungua?" mume wangu akauliza.

"Amekaa. Hawezi kusimama. Ameumia mguu, au kiuno, sijui."

Karibu na saa sita: thelathini. Ishirini na tano. Namba hizo zilikuwa ndogo, chujio lilikuwa limezipitisha. Ilikuwa ile shibiri yangu.

"Na hapa je?" akauliza, kidole chenye unga kikigusa skrini.

"Amelala," nikasema, nikashika simu.

Mtu aliyeumia vile angetambaa kushuka hemani. Yeye alitambaa kwenda chini ya kipimo, kwa sababu mama yake anatazama. Na mama yake akawaambia watu hakufika! Nilitamani ardhi inimeze, lakini hapakuwa na nafasi ya hayo.

"Warudishe vijana," nikamwambia mkuu wa waokoaji. "Yuko kituoni."

"Mama, wameshakaribia kufika bondeni. Wewe mwenyewe umesema hakufika. Nikiwapandisha sasa, mwanga hautoshi kurudi tena bondeni. Una hakika?"

"Nilikosea. Nimekwambia kabla ya kutazama ghafi. Yuko chini ya kipimo, kinamwona kila robo saa."

"Na ile theluji uliyosema inaanguka?"

"Si theluji," nikasema. "Ni mwanangu."

Nikasikia upepo kwenye simu, kisha nikamsikia anapiga redio, anawaambia vijana wageuze, wapande, wasiulize maswali. Kabla hajakata akaniambia kwamba nyuma ya mgongo wa mlima redio hazishiki, kwa hiyo wakishafika juu hatutasikia kitu mpaka washuke. "Utajua kabla yangu, mama," akasema.

Tukakaa. Mume wangu alivuta kiti akaketi ubavuni mwangu, akaanza kubanua unga uliokauka kwenye vidole. Robo saa. Ishirini na sita. Robo saa. Ishirini na nne. Nikamweleza kwamba hiyo ni habari njema, theluji haipandi na kushuka namna hiyo, ni mtu anajigeuza. Akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama kipimo kinaweza kujua mtu anapumua.

"Hakiwezi."

"Miaka thelathini na bado hamjaweka kitu cha kujua hilo?"

Alitaka kunichekesha, masikini, na midomo ikamcheza. Sikuweza hata kumsonya.

Ishirini na tano. Ishirini na tano. Kisha ishirini na tano tena. Namba ikaganda. Nilikuwa nikiomba ibadilike hata kwa sentimita moja, mimi ambaye maisha yangu yote nimependa namba zinazotulia. Mkate wa mume wangu uliokuwa tanuruni lazima ulikuwa umeshakuwa mkaa, na hakuna aliyetaja mkate. Nje kivuli cha jengo la jirani kilikuwa kimefika dirishani kwetu. Nilianza kuwaza nguo atakazo… nikajizaba kofi la paja, nikaacha.

Saa kumi na moja na robo mstari ukaruka. Mita moja na themanini na tano.

"Huyo si yeye," mume wangu akasema.

"Ni mwokoaji. Wamefika." Nikamkamata mkono nikamwumiza. "Wamefika!"

Tukasubiri robo saa nyingine. Namba ikaja: sifuri. Chini ya kipimo hakuna mtu, hakuna shibiri, hakuna kitu. Wamemwinua, wamemwondoa. Machela inabeba mzima na inabeba maiti, na kipimo hakijui tofauti. Mume wangu alisimama akaenda kuegemea ukuta, akanipa mgongo. Nikabaki na sifuri yangu. Nikasema, kama ni adhabu basi nipewe mimi, si mimi niliyeandika lile chujio? Nikayasema hayo kwa sauti, sijui nilikuwa namwambia nani.

Baadaye mkuu wa waokoaji alinilalamikia kwamba yule binti ni msumbufu kupita kiasi. Paja limevunjika, midomo ya buluu, wameshamfunga kwenye machela, akagoma kushushwa. Wakamfungua. Wakamsimamisha kwa mguu mmoja, wanaume wawili wakimshika huku na huku wakiwa wamepiga magoti, jua linakaribia kuzama, wanasubiri robo saa ya kipimo. Lakini wakati ule mimi nilikuwa sijui lolote la hayo. Nilichoona ni namba mpya inayojiandika chini ya ile sifuri.

Mita moja na hamsini na tisa.

"Baba," nikasema. "Njoo. Baba, njoo uone. Amesimama."

Akaja akaisoma, akaisoma tena, machozi yakichora mistari kwenye unga wa mashavu yake. "Haya," akasema, "mwitikie basi."

"Marahaba," nikaiambia ile skrini. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Nilikuwa na salamu za miaka mitano, na niliziitikia zote, moja moja, mpaka mlinzi wa getini akaja mlangoni kuuliza ni nani hao wanaonisalimia.