Marimba Iliyomkimbia Mwangwi

Kiongozi wa kikundi chetu cha muziki tulimwita Mwangwi, na jina alilipenda kwa sababu hakujua lilianzaje. Mpiga besi ndiye aliyelianzisha, siku alipomwona anapiga noti moja kwenye vibrafoni, kisha anafumba macho na kutanua mikono kama kuku anayejianika juani, akingoja sifa. Vibrafoni ni vyuma, na chini yake kuna pedali. Ukiikanyaga, chuma ulichokipiga kinaendelea kulia wewe umepumzika. Kwa hiyo hata mvivu huonekana fundi: anapiga mara moja, mguu unamalizia.

Marimba haina huruma hiyo. Ni mbao. Ukipiga, pu, imenyamaza. Ukitaka ilie kwa kirefu, sharti mikono miwili ipokezane juu ya ubao ule ule, haraka haraka, kama mvua kwenye bati. Mjukuu wangu alifanya zoezi hilo kila jioni akitoka saluni anakosuka, mpaka vidole vikaota sugu. Mimi nilikaa pembeni ya ukumbi wa mazoezi nikivika uzi wa sufu vichwa vya vijiti vyao vya kupigia, maana huchakaa kama soli za viatu. Wenzake walifika, wakanywa chai, wakajadili umuhimu wa mazoezi, wakarudi makwao wamechoka.

Mjukuu alitaka kitu kimoja tu: asimame yeye kwenye marimba siku mwenye ukumbi mkubwa wa mjini atakapotuita kutupima. Wimbo wetu ulikuwa na kipande cha marimba peke yake, na alikilea kama mwana.

Basi mwenye ukumbi akapiga simu. Akasema vyuma amesikia vya kutosha, sasa anataka mbao. Mwangwi akaweka simu chini, akajikohoza.

"Binti, wewe utakaa kwenye vibrafoni. Marimba naichukua mimi."

"Lakini kaka, hujaigusa tangu tuinunue."

"Chuma, mbao, mikono si ile ile?"

"Mikono ndiyo. Mguu je? Huku hakuna pedali."

"Jamani sikieni! Kifaranga anamfundisha jogoo kuwika!"

Mpiga besi akacheka kwa nguvu, maana Mwangwi ndiye anayepanga nani apige na nani akae. Kicheko chake kilikuwa na mwajiri.

Njiani nikamwambia mjukuu, "Kaa kwenye hivyo vyuma, mama. Subira haiozi."

"Bibi, subira yako imeshaota ndevu."

Hata mimi nilikuwa naziona.

Siku ikafika. Marimba yetu ina magurudumu, na breki iliyobaki nzima ni moja, ya kukanyaga kwa mguu: ukiikanyaga inafunga, ukiikanyaga tena inafungua. Ile nyingine ilikufa zamani, kila mtu akingoja mwenzake aitengeneze. Na jukwaa la ukumbi ule limeinama kidogo kuelekea kwa watazamaji.

Kipande cha marimba kikafika. Mwangwi akapiga ubao mnene, akafumba macho, akatanua mikono. Pu. Kimya. Mguu wake ukaanza kutafuta pedali chini. Ukapapasa, ukapapasa, ukakuta kitu cha kukanyaga, ukakikanyaga kwa moyo wote.

Marimba ikaondoka.

Ilikwenda taratibu, kwa heshima, kama mgeni anayeaga. Mwangwi, macho bado kayafumba, akashusha vijiti kupiga noti ya pili, akapiga hewa. Akarudia. Hewa tena.

"Kaka, inaenda!" mpiga besi akanong'ona, naye hakuinua hata unyayo.

Mjukuu wangu akaacha vyuma, akakimbia mbele, akaizuia kwa nyonga pale ukingoni. Akaanza kuipiga akiwa upande usio wake, mikono ikipokezana juu ya ubao ule ule mnene, na mvua ikanyesha kwenye bati. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vicheko.

Mwenye ukumbi akaja nyuma ya jukwaa akifuta machozi. "Sijacheka hivi miaka! Nawachukua. Ila kila onyesho nataka vile vile: bwana huyu apige hewa, kisha binti aipokee marimba na amalize kipande chote."

Sote tukamgeukia Mwangwi. Akatengeneza kola.

"Naam," akasema. "Ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo."

"Kaka ana akili!" akadakia mpiga besi.

Mjukuu akataka kusema neno. Nikamfinya. Marimba kapata, maneno ya nini tena?

Siku hizi Mwangwi ndiye wa kwanza kufika mazoezini. Anasimama katikati ya ukumbi, anafumba macho, anapiga hewa kwa bidii mpaka anatoka jasho, na ole wake atakayemwambia amekosea. Vijiti vyake sivivishi uzi tena. Havichakai.