Jioni Iliyosafiri na Adolphine

Adolphine alikuwa akichagua mawe kwenye mchele mbele ya nyumba yake, mtaa wa juu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, wakati Fabien wa parokia alipofika na habari za ndege. Fabien alikuwa ametoka kwenye simu ya setilaiti ya mapadri. Alikuja kwa miguu, kwa sababu pikipiki ya parokia ilikuwa imechukuliwa na askari na haikuonyesha dalili ya kurudi. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akapangusa jasho. Émilienne, jirani, mwanamke mzima aliyewahi kufika Kanada na kwaya ya kanisa kabla ya vita, alivuta kigoda chake karibu bila kualikwa.

"Ndege iko mbili," Fabien alisema. "Moja inakufikisha Amerika siku tatu mbele ya kikao. Ingine inakufikisha magaribi, na asubui yake unasema."

"Akamate ya kwanza," Émilienne akasema.

"Mama, ngoja kwanza nimalize."

"Utamalizia njiani. Ya kwanza."

Kulikuwa na depo, ghala la zamani la pamba, karibu na soko, na ndani yake komanda mmoja aitwaye Roger alikuwa amewafungia wanaume wa mji. Mume wa Adolphine, Wilfried, fundi wa mitumbwi, alikuwa humo. Kabera, mchuuzi wa ng'ombe kutoka milimani, alikuwa humo pia. Walikamatwa siku moja, wakila sahani moja nyumbani kwa Wilfried. Mara kwa mara mlango ulifunguliwa, majina yakaitwa, na walioitwa wakapelekwa Misisi kuchimba dhahabu. Hakuna aliyekuwa amerudi. Sasa kamati moja kubwa huko Amerika ilikuwa imesema kwamba ikisikia jina la komanda na mahali pa depo kutoka kinywani mwa mtu aliyeona kwa macho yake, itamlazimisha afungue. Ilitaka kinywa, haikutaka karatasi. Karatasi nayo isingepita, maana kwenye vizuizi vya barabarani askari walipekua hadi ndani ya misuko ya wanawake.

Shida ilikuwa saa. Jambo hilo lilijulikana Baraka kama malaria inavyojulikana. Mtu akipanda ndege kwenda mbali, mwili unafika upesi, lakini saa ya kule haimpokei mara moja. Kwa siku kadhaa anabaki amezungukwa na saa ya nyumbani, upana wa mkeka mmoja hivi, na mbingu yake juu. Kule Kanada, Émilienne aliimba katikati ya mchana akiwa ndani ya usiku wa Baraka, na wenzake wa kwaya walimtambua kwa sauti tu. Aliporudi, jikoni mwake kulikuwa na adhuhuri ya Kanada wakati majirani wanafunga milango, na kuku wake walishuka kwenye kichanja wakaanza kutaga upya.

"Siku tatu ni mzuri," Émilienne alisema. "Saa ya kule itakuwa imeanza kumuzoea."

"Njo ile sitaki," Fabien akajibu. "Kuanza si kumaliza. Saa inaweza kukwama. Yako haikukwama, mama? Siku mbili ulikunywa chai kwenye giza."

"Ilikuwa chai mubaya, si giza."

"Na siku tatu, nani atamupa malazi? Kamati inalipa usiku tatu tu, kwenda na kurudi. Sikiliza. Kikao kinaanza saa ine ya asubui. Ile saa, hapa kwetu ni saa kumi. Jua iko. Mama Fanny akifika na saa ya Baraka nzima nzima, haijaguswa, atasema ndani ya jua. Nusu saa inatosha."

Adolphine, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fanny kwa jina la binti yake, aliacha kuchagua mchele. "Na kama banachelewa kuniita?"

Fabien alicheka kidogo. "Bakucheleweshe namna gani? Nani atatoka mbali kukupita?"

Hilo lilimaliza shauri, hata kwa Émilienne. Katika lubunga, banda ambamo Wabembe hukatia mashauri yao, aliyetembea njia ndefu kuliko wote hupewa maji, kisha husema wa kwanza. Chifu mwenyewe hungoja. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyefikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo watu hufanya vingine. Wakachagua ndege ya pili.

Kutaka safari fupi kulikuwa na sababu nyingine pia. Wafungwa wa depo walikula kile tu ambacho wake zao walipitisha kwenye ufa wa ukuta kila alasiri. Émilienne aliahidi kupeleka ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa Wilfried na kwa Kabera, ambaye dada zake walikuwa milimani na wasingeweza kushuka, kwani watu wa milimani waliuawa vizuizini.

Jioni moja Adolphine akavuka ziwa kwa mtumbwi wa mota, akapita mbali na ncha ya rasi ya Ubwari ambako kulikuwa na askari wengine, akafika Kigoma. Kutoka hapo alipanda ndege moja hadi nyingine. Katika ile ya mwisho, abiria aliyekaa kando yake alimwomba kwa adabu apunguze jua, kwani wengine walikuwa wamelala. Adolphine alijifunika kitenge hadi kichwani, na mwanga ukabaki ndani.

Asubuhi ya kikao alipokelewa na mkalimani aitwaye Bertin, mzaliwa wa Nundu, upande wa Baraka, aliyeondoka akiwa kijana, kabla ya vita. Saa ya Amerika ilikuwa imemzoea zamani. Hata kivuli chake kilianguka upande wa wenyeji. Waliingia katika ukumbi wenye mazulia. Jua la saa kumi la Baraka, lile la manjano linalopiga ubavuni, lilitua mezani mbele ya Adolphine. Bibi aliyekaa kando alisogeza glasi yake ili maji yasipate moto.

"Sema mimi niko tayari," Adolphine alimwambia Bertin.

"Bado, mama. Kuna bakubwa kwanza."

"Bakubwa batoka wapi?"

Bertin alitazama huku na huku. "Hapa hapa. Beko banaishi karibu."

Adolphine alidhani hajasikia vizuri.

Balozi wa kwanza alishukuru. Balozi wa pili alimshukuru wa kwanza, akasoma kurasa nyingi kuhusu wasiwasi wake. Wa tatu alikuwa na wasiwasi uleule lakini alitaka uandikwe peke yake. Mezani jua lilianza kuwa jekundu. Adolphine aliweka mikono yake juu ya mwanga kana kwamba unaweza kushikwa. Harufu ya moshi wa kuni ilimjia, kisha ya samaki wanaokaangwa upesi ili moto uzimwe mapema. Akasikia mchi wa jirani ukitwanga, ukatwanga, ukanyamaza.

"Bertin. Mwanangu. Jua yangu inaisha."

Bertin aliinuka, akainama sikioni mwa karani. Karani alitazama meza ya Adolphine, akaona wekundu, akatikisa kichwa kwa kuelewa. Alisema utaratibu ulikuwa umekwisha kupangwa, lakini shahidi ataitwa bila shaka kabla ya chakula.

Aliitwa kabla ya chakula. Nje ya madirisha ilikuwa saa sita mchana. Juu ya Adolphine nyota mbili zilikuwa zimetoka, na vyura wa ziwa walikuwa wameanza.

Tangu askari waingie Baraka, hakuna mtu aliyesema kwa sauti baada ya giza. Sauti iliita bunduki. Watu walijifunza kunong'ona, kisha kunong'ona chini ya kunong'ona. Watoto wachanga walilia kwa midomo tu. Fanny alikohoa ndani ya nguo iliyokunjwa. Miaka ilipita, na makoo yakajifunga yenyewe jua linapozama, kama maduka.

Adolphine alifungua kinywa. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu nyumbani, na yalikuja yote, kwa mpangilio.

Fundi wa mitambo alimwashiria Bertin kwamba hakuna sauti.

"Mama Fanny," Bertin alisema, "paza."

"Minapaza."

"Hapa hakuna askari, mama."

"Minajua. Kichwa inajua. Ambia koo."

Mhudumu mmoja alileta taa ndogo ya mezani, akaiwasha ndani ya giza lake. Kabla Adolphine hajafikiri, mikono yake ilikuwa imeifunika kwa kitenge na kuilaza chini ya meza. Kule Baraka, mwanga wa usiku ulipigwa risasi bila kuulizwa. Mhudumu aliokota taa, akaomba radhi.

Adolphine alijikaza hadi mishipa ya shingo ikasimama. Alisema jina la Roger. Alisema depo liko wapi, na mlango unatazama upande gani. Alimtaja Wilfried, akamtaja Kabera, akawataja waliopelekwa Misisi mmoja mmoja, pamoja na majina ya wake zao. Bertin alitega sikio karibu na mdomo wake akapata neno hapa na pale. Mtambo ulinasa vyura. Mwenyekiti alingoja kwa heshima. Balozi wa tatu alisema vyura walisikika vizuri sana, akawapongeza mafundi. Kisha mwenyekiti alimshukuru mama kwa kuja kutoka mbali hivyo, na watu wakaenda kula.

Walipomaliza kula, shughuli ilikuwa juu ya nchi nyingine.

Ndege ya kurudi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kwa sababu kulikuwa na mapigano karibu na uwanja mmoja wa njiani ambako ingetua. Kamati haikulipia siku hizo. Adolphine alilala sebuleni kwa Bertin. Mchana mmoja, akiwa anaosha vyombo, giza la usiku lililomzunguka lilijikunja kama mkeka likaondoka, na saa ya Amerika ikamkalia mwilini. Hakumaliza kuosha. Alimvuta Bertin hadi kwenye lile jengo, akasimama mbele ya karani katika mchana wa wenyeji, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

"Niko na koo sasa! Muniandike!"

Karani alimsikia vizuri kabisa. Alieleza kwamba kikao kimefungwa na wajumbe wamerudi kwao. Kilichosemwa nje ya kikao hakihesabiwi. Kikao kingine kikiitishwa, atapewa taarifa, na safari hiyo ataweza kuchagua ndege mapema zaidi.

Adolphine alifika Baraka jioni, akiwa na adhuhuri ya Amerika mabegani. Émilienne alimlaki ufukweni, akikinga macho kwa kiganja.

"Wilfried iko muzima," alisema kwanza, kwa kunong'ona. Kisha akasema, "Kabera balimubeba. Misisi. Nilifika na chakula yake, bakaniambia nirudishe."

Nyumba ya Adolphine iliwaka usiku ule kama sahani ya bati juani. Hakuna aliyepiga risasi. Askari walikuja, wakaona ni mama aliyetoka ng'ambo, wakarudi kutoa ripoti. Jioni iliyofuata mmoja wao alileta amri ya komanda: mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kwenye kituo, kwa hiyo mama achukue kigoda chake aketi mbele ya mlango wa depo, ili walinzi waone kufuli.

Akaketi. Adhuhuri yake iliangaza mlango, ikaingia kwenye nyufa, na ndani wanaume wakasogea upande wenye mwanga. Vidole vya Wilfried vilitokea ufani. Alikuwa amekonda hata pete ya ndoa ilikuwa imehamia kidole gumba.

"Mama Fanny," alinong'ona. "Kule ni saa ngapi?"

"Saa sita ya mchana."

"Basi beko banakula."

"Njo beko banakula."

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Balisikia?"

"Balisikia vyura."

Ndani, mtu alicheka kwa pumzi tu.

Adolphine alikaa wima kwenye kigoda. Kwake ilikuwa mchana, na koo lake lilikuwa wazi. Akaanza mwanzo, kwa sauti nzima, kama alivyopanga: jina la komanda, mahali pa depo, mlango unatazama upande gani. Usiku wa Baraka ulikuwa kimya hata sauti yake ikafika sokoni na kurudi. Mlinzi hakumkataza. Amri ya kunyamaza ilihusu usiku, na mama hakuwa ndani ya usiku. Aliegemea bunduki yake akasikiliza hadi mwisho, majina yote, ya wanaume na ya wake zao. Alimsahihisha mara moja tu.

"Kabera hakutoka pamoja na bale bengine," alisema. "Kabera tulimutoa peke yake."

Adolphine alirudia sehemu hiyo, ikiwa imesahihishwa.

Alifanya hivyo kila jioni, na wanaume wa depo walishonea mashati yao kwenye mwanga wake. Kisha jioni moja mwanga ulianza kuwa mwekundu wakati uleule na wa watu wote. Saa ya Baraka ilikuwa imemrudia. Alikuwa katikati ya jina la Kabera sauti ilipokatika. Alimalizia kwa midomo.

Mlinzi alijaribu kufuli kwa mkono, akaridhika. Alimsaidia Adolphine kubeba kigoda hadi pembeni ya njia na kumwambia aende nyumbani kabla hajapigwa risasi. Kisha akamuuliza, kwa kunong'ona, kama mama atasafiri tena karibuni, maana mafuta ya taa yalikuwa bado hayajapatikana.