Anayeagiza Ashike Miguu

Nimechinja miaka thelathini na miwili, na bucha yangu ina sheria moja ambayo hata mke wangu hajafanikiwa kuifuta. Ukija kununua kilo ya kuwalisha watoto, chukua uende zako. Ila ukiagiza mnyama mzima kwa ajili ya sherehe, unakuja mwenyewe uani, unashika miguu, mimi nachinja. Nilijivunia sana sheria ile. Wenye suti walikuja wakijitutumua, wakaondoka kimya. Shemeji yangu, bingwa wa majigambo, alishika miguu ya mbuzi akaishia kutapika kwenye ndoo. Tangu siku hiyo tunamwita Ndoo, naye anaitika.

Jumamosi ile nilikuwa nastaafu. Mchana wageni wangekula, na mbele yao ningemkabidhi binti yangu funguo za bucha. Ni mwanangu wa pekee, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Akikataa, bucha inafungwa na jina langu linafutwa kwa rangi ukutani.

Kondoo nilikuwa nimemfuga uani mwezi mzima, nikimlisha kwa mkono wangu na kumeza mate. Sikuwa na shida ya nyama. Nilikuwa na hamu tu.

Asubuhi binti aliniomba nimpe kisu, miguu nishike mimi. Nikacheka, nikamwambia sheria ile ni ya wateja.

"Leo mteja ni wewe, baba."

Nikamuuliza amelishwa nini. Akajibu taratibu kwamba wenye njaa atawachinjia hata miaka hamsini, lakini kumchinja mnyama wa kufurahisha ulimi tu amechoka, awe wangu au wa mtu mwingine yeyote.

"Shika kwanza, halafu uniambie mwenyewe," akasema. "Ukisema nimwache, funguo nazipokea leo. Ukisema nichinje, nitachinja, na funguo ubaki nazo."

Hasira zilinipanda hadi utosini. Mtoto niliyemsomesha kwa kisu hikihiki ananipangia. Nikapiga magoti nikashika.

Miaka yote hiyo nilisimama upande wa shingo, upande wa miguu sikuujua. Kondoo alitetemeka, moyo ukimwenda mbio, nami nikausikia kwenye kiganja. Kisha akaitambua harufu ya mkono uliomlisha, akatulia. Miguu ikalegea mikononi mwangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu.

Binti alikuwa amesimama na kisu, hanihimizi. Kule mbele nilimsikia Ndoo akiwakaribisha wageni, akiwaambia leo watu watakula mpaka waombe msaada.

"Una njaa, baba?"

Nilikuwa nimekunywa chai na mayai mawili.

"Sina."

"Basi nifanye nini?"

Nikaiwaza meza tupu. Nikamwaza Ndoo akinipa jina na mimi, na wageni wakilicheka mpaka siku ya kunizika. Binti angesema tu neno moja la kunibembeleza, labda ningemwachia yule kondoo.

"Chinja," nikamwambia.

Akachinja, mkato mmoja safi, kama nilivyomfundisha. Mateke niliyashika mpaka yakaisha. Akaosha kisu, akakifuta, akakirudisha kwenye rafu yangu.

Mezani wageni walisubiri nimkabidhi funguo. Nikasema tule kwanza. Binti alikaa mkabala nami na wali wake na maharage, akiongea na kila mtu vizuri tu. Niliomba nyama inikwame kooni, angalau nipate la kumwambia. Haikukwama. Ilikuwa laini na tamu kuliko nyama yoyote niliyowahi kula, na sahani ilipokwisha macho yangu yalikuwa tayari kwenye sinia.

Ndoo akauliza hotuba iko wapi. Funguo zilikuwa mfukoni, nikazikamata kwa nguvu.

Binti aliniona ninakotazama. Akainuka, akalisogeza sinia karibu yangu, akaniuliza kwa heshima, kama anavyowauliza wateja wote, kama ningependa niongezewe.